Samaki Wameingia, Maji Yamegoma: Kusoma Dalili za Tangi Jipya

Maji ya tangi jipya yanaweza kung'aa kama kioo huku samaki waliomo wakifa mmoja mmoja. Amonia haina rangi, nitriti haina rangi, na kwa viwango vinavyodhuru samaki pua yako haitanusa chochote. Anayetegemea macho peke yake huchelewa, kwa sababu samaki akianza kuonyesha dalili tayari ameshaumia.

Kwa hiyo kabla hujanunua chupa yoyote ya dawa, jibu maswali mawili. Leo ni siku ya ngapi tangu samaki waingie? Na kipimo kinasema nini? Samaki kuhema juu ya maji kuna maana moja saa mbili baada ya kuwatia tangini, maana nyingine siku ya tano, na nyingine kabisa wiki ya tatu. Nitaifuata kalenda hiyo, maana kwa uzoefu wangu siku peke yake hukupa nusu ya jibu.

Kinachoendelea ndani ya tangi ni hiki. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua wala si kwenye kinyesi. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na hata kwenye kioo huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Nitrati huvumilika hadi makumi ya miligramu kwa lita. Tangi jipya lina kichujio kinachozunguka vizuri, lakini hakina wakazi. Na wakazi hao huzaana polepole: bakteria wa kawaida hujigawa ndani ya saa moja au chini ya hapo, hawa huchukua nusu siku hadi siku nzima, wakati mwingine zaidi. Ndiyo sababu tangi huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia, hata kama muuzaji alikuambia siku tatu zinatosha.

Kuhusu vipimo

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani uasidi wa maji (pH ikishuka, uasidi umezidi). Karatasi za kuchovya ni za haraka, ila nyingi hazipimi amonia, ambayo ndiyo unayoihitaji kuliko zote mwezi wa kwanza. Pima maji ya bomba pia, kabla hayajaingia tangini, ili usije ukalilaumu tangi kwa kitu kilichotoka kwenye bomba.

Kipimo cha nitrati kina tabia zake mbili. Moja ya chupa zake huwa na unga unaojikusanya chini. Usipoitikisa kwa nguvu utasoma sifuri wakati nitrati imejaa. Halafu, kwa kuwa kipimo hicho huibadilisha nitrati kuwa nitriti ndipo rangi itokee, nitriti ikiwa nyingi majini utaonyeshwa nitrati ya uongo. Usishangilie nitrati ya wiki ya pili kabla hujaiangalia nitriti.

Andika kila kipimo pamoja na tarehe. Ukiwa na safu ya namba za siku kumi, mara nyingi hutahitaji kumuuliza mtu.

Saa za kwanza: samaki wanahangaika mara tu baada ya kuingia

Hapa amonia ya tangi si mshukiwa, maana haijapata muda wa kujikusanya. Mshukiwa wa kwanza ni klorini. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huunguza matamvua: samaki hukimbia huku na huko, hujisugua kwenye changarawe, kisha hulegea. Dalili hiyohiyo ikitokea kila baada ya kubadilisha maji, umeshapata jibu. Tia dawa ya kuondoa klorini mara moja, ukipima kwa ujazo wa tangi zima. Maji yaliyoachwa wazi kwenye ndoo kwa saa 24 hupoteza klorini, lakini hayapotezi kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia unaotumiwa na baadhi ya mamlaka za maji kwa sababu hautoki upesi. Kama maji yenu yana kloramini, kuyalaza ndooni ni kupoteza usiku. Tena dawa inayovunja kloramini huiacha ile amonia majini, isipokuwa kama imetengenezwa kuifunga pia. Soma lebo.

Mshukiwa wa pili ni mfuko waliosafiria. Ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa nyingi kuna amonia ya samaki wenyewe na kaboni dioksidi waliyoipumua. Kaboni dioksidi hiyo hushusha pH, na pH ikiwa chini amonia huwa katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukifungua mfuko, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imelala huamka. Samaki waliosafiri siku nzima hawafai kukaa saa mbili kwenye mfuko uliofunguliwa huku ukitia kikombe baada ya kikombe. Acha mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa dakika 15 ili joto lilingane, fungua, wavue kwa wavu, watie tangini. Maji ya mfuko yamwage nje.

Siku ya 2 hadi ya 10: maji yamekuwa meupe kama maziwa yaliyozimuliwa

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu wengi na, yenyewe, ndiyo nyepesi kuliko zote. Ni mlipuko wa bakteria wanaokula mabaki, si wale unaowasubiri. Wanaelea majini, wanashiba, halafu wanapungua wenyewe ndani ya siku chache hadi wiki. Ukibadilisha maji yote ili yang'ae, yatarudi meupe kesho kutwa. Lakini usiipuuze: bakteria hao hula oksijeni nyingi, na kuwapo kwao kunaonyesha kwamba kuna chakula kingi majini. Punguza kulisha, ongeza mapovu, pima amonia.

Kama maji yalikuwa na ukungu tangu dakika ya kwanza, kabla hata ya samaki, hilo ni vumbi la changarawe ambayo haikuoshwa vizuri. Kichujio kitalimaliza. Maji yenye rangi ya chai yanatokana na gogo ulilopamba nalo, hayana dhara. Utando mweupe wa utelezi juu ya gogo jipya ni wa muda tu. Maji ya kijani ni mwani unaoelea, na hapo taa imewashwa saa nyingi mno au jua linapiga kioo.

Siku ya 3 hadi ya 14: samaki wamelegea, matamvua mekundu, amonia inapanda

Sasa tumefika kwenye kiini. Samaki wanakaa chini au wanahema juu, mapezi yamebana, hamu ya kula imepungua, matamvua yamevimba na kuwa mekundu. Kipimo cha amonia kinasema miligramu 1 au 2 kwa lita.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni pH ngapi. Kipimo cha kawaida husoma amonia yote kwa pamoja, lakini sehemu inayoua ni ile iliyo huru, na ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 25, kwa pH ya 7, amonia huru ni takriban asilimia 0.6 ya yote. Kwa pH ya 8 ni zaidi ya asilimia 5. Yaani kipimo kilekile cha miligramu 1 kwa lita ni hatari karibu mara tisa zaidi kwenye tangi la pili. Ndiyo maana jirani yako anakuambia samaki wake walivumilia 2 bila shida, na wako wakafa kwa 1. Huenda nyote mnasema kweli.

Tiba ni ndoo. Badilisha nusu ya maji, na amonia inashuka nusu: 2 inakuwa 1. Baada ya saa kadhaa badilisha nusu tena, inakuwa 0.5. Maji mapya yawe na joto lilelile na yaondolewe klorini. Lengo la kila siku, kwa pH inayokaribia 7, ni jumla ya amonia na nitriti isizidi 0.5. Maji yako yakiwa na pH ya 8 au zaidi, jiwekee 0.25.

Kuna watu watakaokuonya kwamba kubadilisha maji kunaondoa bakteria wazuri na kurefusha safari. Si kweli. Bakteria hao wameshikamana na sponji na changarawe. Wanaoelea majini ni wachache. Tena hawahitaji amonia nyingi ili wakue. Ninawajua watu waliowaacha samaki wao waungue kwa wiki mbili ili "tangi likomae" — tangi lilikomaa, samaki hawakuwepo kuliona.

Chanzo cha amonia ni kuwa na samaki wengi mno, au kulisha kupita kiasi, au vyote viwili. Piga hesabu: gramu 1 ya chakula kikavu chenye asilimia 40 ya protini ina takriban miligramu 64 za naitrojeni. Yote ikiishia majini, na sehemu kubwa huishia huko, katika tangi la lita 50 inatosha kupandisha amonia kwa miligramu 1.5 kwa lita. Gramu moja tu! Mwezi wa kwanza lisha mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na ruka siku moja moja. Samaki wazima wenye afya hawatakufa njaa.

Dawa za kufunga amonia zinafaa kama huduma ya kwanza unapokuwa mbali na ndoo. Zikumbuke tu unapopima: kipimo kitaendelea kuonyesha amonia, kwa sababu haijaondoka, imefungwa. Chupa za bakteria nazo baadhi hufanya kazi na baadhi ni maji ya bei ghali. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuomba kipande cha sponji iliyotumika kutoka kwenye tangi lililokomaa na lisilo na maradhi, kukisafirisha kikiwa na majimaji, na kukitia ndani ya kichujio chako siku hiyohiyo. Wiki sita zinaweza kuwa mbili. Mimea inayokua haraka, hasa inayoelea, husaidia pia, maana hufyonza amonia moja kwa moja.

Wiki ya 2 hadi ya 5: amonia imeshuka, lakini samaki wanahema upya

Hapa ndipo watu husherehekea mapema. Amonia imefika sifuri, wanaacha kubadilisha maji, na baada ya siku nne samaki wanahema kana kwamba hakuna hewa ingawa pampu inatoa mapovu tele. Ukimshika mmoja ukaangalia, matamvua yana rangi ya kahawia badala ya nyekundu.

Ni nitriti. Inaingia kwenye damu na kuibadilisha hemoglobini isiweze tena kubeba oksijeni. Oksijeni ipo majini, damu ndiyo imeshindwa kuichukua. Kwa miaka mingi vitabu viliwapa bakteria waitwao Nitrobacter kazi ya kuimaliza nitriti; utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa wa Nitrospira, kundi jingine la bakteria, na mwaka 2015 ikagundulika kwamba baadhi ya Nitrospira huweza safari yote wenyewe, kutoka amonia hadi nitrati. Kwa mfugaji jambo la kukumbuka ni kwamba kundi hili hukawia, hivyo kilele cha nitriti mara nyingi hudumu kuliko cha amonia.

Badilisha maji kama mwanzo. Kisha tumia chumvi, na hapa chumvi si imani ya wazee: kloridi iliyomo hushindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua, na nitriti hubaki nje. Gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita 10 inatosha kwa viwango vya nitriti ambavyo tangi la nyumbani hufikia. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi. Chumvi haiondoki kwa kukauka kwa maji, kwa hiyo ukibadilisha lita 20 rudisha gramu 2 tu, si kipimo chote tangu mwanzo.

Wakihema, ni kipi kati ya hivi?

Nimeeleza vyanzo vitatu vya kuhema na bado kuna cha nne, basi tuvitenganishe. Wakihema alfajiri na kupata nafuu baada ya taa kuwaka saa kadhaa, ni upungufu wa oksijeni: usiku mimea nayo hupumua. Angalia kama uso wa maji unatikisika. Ukiwa umetulia kama kioo, inua mdomo wa kichujio. Angalia pia joto, kwa kuwa maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita na ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Wakihema mara tu baada ya kubadilisha maji, ni klorini. Wakihema siku nzima na matamvua ni mekundu, amonia. Matamvua ya kahawia, nitriti. Na akihema mmoja tu, akapanda, akavuta pumzi moja na kushuka zake kwa raha, huenda ni beta, gurami au koridora, ambao huvuta hewa ya juu kwa maumbile yao.

Namba zimekwama

Wiki ya tano, amonia haishuki, nitriti haionekani, nitrati hakuna. Angalia pH. Bakteria wanapofanya kazi hutumia akiba ya kaboneti iliyo majini, ile inayoizuia pH isianguke na inayopimwa kama KH: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula takriban miligramu 7 za akiba hiyo. Kwenye maji laini akiba huisha, pH huanguka, chini ya 6.5 bakteria hupunguza kasi, na ikikaribia 6 husimama.

Ogopa hatua inayofuata kuliko tatizo lenyewe. Kwenye pH ya 6 amonia iliyojikusanya karibu yote haina sumu, hivyo samaki wanaonekana wazima. Ukimwaga humo nusu tangi la maji ya bomba yenye pH ya 8, unaiamsha yote kwa dakika tano. Wengi wameua tangi zima kwa njia hii huku wakiamini wanalisafisha. Badilisha asilimia 10 tu kwa wakati mmoja, mara kadhaa kwa siku, ukitumia dawa ya kufunga amonia. Kisha jenga KH polepole: gramu 3 za bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, huongeza digrii 1 katika lita 100. Digrii moja kwa siku inatosha. Chupa za "kupandisha pH" ziache dukani. Zinaisukuma pH bila kujenga akiba, na kesho inaanguka tena.

Amonia imerudi baada ya kuwa sifuri

Swali langu la kwanza huwa: ulikigusa kichujio? Mimi mwenyewe wiki ya tano ya tangi langu la kwanza niliona sponji imechafuka, nikaipeleka bombani na kuiosha hadi ikawa kama mpya. Siku mbili baadaye amonia ilikuwa 1. Ule uchafu wa kahawia ndio waliokuwa wafanyakazi. Sponji huoshwa kwa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, na pale tu mkondo wa maji unapodhoofika. Ukishauriwa kubadilisha katriji, ile sehemu ya kichujio inayotolewa na kuwekwa mpya, kila mwezi, usitii. Kata ya zamani uiweke pamoja na mpya kwa wiki kadhaa.

Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria walio ndani ya kichujio kilichofungwa hukosa oksijeni kabla ya samaki. Toa sponji uiache tangini, na kila mara chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyolala ndani ya kichujio kabla hujakiwasha.

Viuavijasumu pia huweza kuwaumiza bakteria hao. Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini ni ugonjwa kweli na unahitaji tiba yake, lakini dalili kama mapezi kubana na kulegea, kwenye tangi lisilotimiza miezi miwili, zitibu kwanza kwa maji safi.

Utando wa kahawia unaofutika kwa kidole kwenye kioo cha tangi jipya ni daiatomu, aina ya mwani mdogo sana. Ufute, utaisha.

Lini kuongeza samaki wengine

Amonia sifuri na nitriti sifuri kwa siku saba mfululizo, bila kubadilisha maji kila siku, na nitrati inapanda taratibu: hapo tangi limebeba samaki uliokuwa nao. Halijabeba wale unaowatamani, maana idadi ya bakteria hulingana na chakula walichozoea. Ongeza wawili au watatu wadogo, usiongeze chakula siku hiyo, pima kesho yake na keshokutwa. Amonia ya 0.25 inayotoweka ndani ya siku mbili ni ya kawaida. Ikigusa 0.5, chukua ndoo, na kundi linalofuata lisubiri wiki mbili zaidi.